Mwaka Tuliofunga Matete

Tulimuaga Mama Surinder Ijumaa moja ya Februari, mvua ikinyesha ile ya London isiyolowesha wala kukauka, na baada ya maiti kuchomwa tukaenda gurdwara, hekalu la Makalasinga, kula chakula cha pamoja. Tuliketi kwenye zulia kwa safu, vichwa tumefunika, tukapewa dengu, chapati na wali wa maziwa. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mgeni kutoka Leicester, aliniuliza kwa Kiingereza nilimjua vipi marehemu, nikamjibu kwamba zamani nilikuwa nikimtunza mumewe, Mzee Harbans, alipopatwa na kiharusi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Nimekuwa muuguzi kwa muda mrefu tangu mwaka ule, na karibu kazi yangu yote imekuwa ya watu ambao upande mmoja wa mwili umewakataa. Kila ninapofundisha wauguzi wapya namna ya kuushika mkono uliolala, ninachokiona mbele yangu si wodi. Ninaona kinamasi kule mashariki, ng'ambo ya maghala, mahali mto Thames unapoanza kunuka chumvi, na mzee mwenye kilemba cha rangi ya majani makavu akihangaika kufunga tita la matete kwa kamba ya katani.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na London nilikuwa sijamaliza hata miezi sita. Nilipanga Hounslow chumba kimoja na wasichana wawili wa kutoka nyumbani Kenya. Mmoja alisafisha ndege Heathrow, mwingine alipanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi, na kwa kuwa shifti zetu hazikulingana, vitanda vilikuwa viwili na havikuwahi kupoa. Tulipika ugali kwenye sufuria nyembamba ambayo ilituunguzia kila mara, tukala na sukuma wiki ambayo kwa kweli haikuwa sukuma wiki bali kabeji ya majani meusi ya Waingereza, na ndege zilipopita juu ya paa tulinyamaza katikati ya sentensi, kisha tukaendelea pale pale tulipokuwa tumeachia. Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee kupitia ejensi. Niliwaosha watu ambao hawakujua jina langu, nikawalisha, nikapanda basi. Sikuwa na shida kubwa ya kusimulia. Nilikuwa tu nimeanza kufikiri kwamba labda nimefanya kosa kuja, na kwamba ifikapo Krismasi nitarudi nyumbani na kusema baridi ilinishinda. Ndipo mwezi wa Machi ejensi ikanipeleka Kenton, kwenye nyumba ya matofali yenye ua mdogo mbele na gereji pembeni, nikaambiwa mteja ni mwanamume wa miaka sabini, anaweza kusema lakini hasemi.

Na kweli hakusema. Alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukilinda. Mkewe, Mama Surinder, alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu. Aliniita "binti" tangu siku ya kwanza, akanionyesha wapi pa taulo na wapi pa dawa, lakini tuliongea Kiingereza, chake cha dukani na changu cha shuleni. Wiki ya pili au ya tatu nilikuwa jikoni nachemsha chai ya maziwa, nikagusa sufuria, nikajiunguza, nikasema peke yangu, "Aah, jamani, kidole changu." Kutoka sebuleni sauti nzito ikauliza, "Umeungua ama umemwaga?" Nilisimama na kidole mdomoni. Nikajibu, "Nimeungua, Mzee." Akasema, "Basi weka maji baridi. Chai usimwage." Mama Surinder alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, akakiweka chini polepole, akaketi kwenye ngazi na kuanza kulia bila sauti, kwa maana hayo yalikuwa maneno mengi zaidi kuliko yote aliyoyasema mumewe tangu kiharusi cha Januari.

Wote wawili walizaliwa Nakuru, wakakulia Nakuru, wakaondoka watu wazima wakiwa na mtoto mmoja mkononi. Kuanzia siku ile nyumba ikawa ya Kiswahili. Mzee alikisema kama fundi wa gereji, ambaye ndiye alikuwa. Mama alikitumia hasa kukemea. Na alichotaka kuzungumzia Mzee hakikuwa Nakuru wala kiharusi. Alitaka kujua kama mbao za mlango wa maji zimekaguliwa. Sikuelewa. Mama akanieleza huku akikunja uso kwamba mumewe na rafiki yake Mwingereza wamekodi kipande cha kinamasi kwa zaidi ya miaka ishirini, wanakitengeneza kila mwaka ili Septemba msimu ukifunguliwa wawinde bata. Yeye Mama hakula nyama maisha yake yote. Bata wakiletwa walipikwa gereji, kwenye jiko la gesi la kambi, na Mzee aliosha sufuria zake mwenyewe. "Lakini mpeleke," akaniambia. "Hapa anaangalia ukuta tu. Leseni ya gari unayo?" Ya Kenya nilikuwa nayo, na mwaka wa kwanza ilikuwa bado inakubalika. Daktari alisema hewa itamsaidia. Kuhusu bunduki alisema tutaona kabla ya Septemba, kwa sababu macho na akili havikuwa na tatizo, mkono ndio haukuwapo. Bunduki zenyewe zilikuwa zimefungiwa kwa yule rafiki.

Rafiki aliitwa Doug, kuli mstaafu wa bandarini, mrefu, mwenye mbwa mweusi mnene aliyenuka daima kama soksi mbichi. Siku ya kwanza tulipofika nilitegemea tutaanza kazi, na nilikuwa nimevaa nguo za kazi, lakini Mzee aliketi kwenye kiti cha kukunja juu ya tuta na kusema hakuna kukata hata unyasi mmoja mpaka mwisho wa Julai. Ndege walikuwa wanataga. Kwa hiyo Aprili, Mei na Juni tulikwenda kukaa tu. Tulikunywa chai ya chupa, tukala maandazi niliyokaanga Hounslow na mikate ya Doug yenye jibini na kitunguu, tukaangalia. Mwanzoni niliona maji machafu na matete. Kisha nikaanza kuona kwamba maji hayana kina sawa, kwamba bata wadogo wanapenda pale yanapofika magotini na wakubwa wenye vichwa vya kijani wanapenda penye nafasi ya kutua, kwamba mama bata akiwa na vifaranga hupita ukingoni mwa matete na si katikati. Doug na Mzee walibishana kwa upole mfululizo, mmoja Kiingereza cha bandarini, mwingine Kiingereza cha Nakuru, wapi maficho ya kuwindia yakae mwaka huu, upepo utatoka wapi. Nilikuwa nimezoea vyumba vyenye harufu ya dawa na runinga iliyowashwa siku nzima. Pale nilikaa mpaka nikasahau kuangalia simu.

Julai ilipoisha kazi ikaja yote kwa pamoja. Mfereji ulikuwa umejaa tope na magugu, ikabidi Doug na mimi tuingie na buti za mpira zinazofika kifuani na kuyatoa kwa uma wa shamba. Matete yaliyoziba bwawa tulikata kwa mundu, lakini si yote. Mzee alielekeza kwa fimbo yake: acha hapa, fungua pale, bata akija anataka kuona maji, akishatua anataka pa kujificha. Maficho yalikuwa vibanda viwili visivyo na paa. Ulichimbia fito kuzunguka ubao wa kukalia, ukazungushia wavu, kisha ukafunika wavu kwa matita ya matete mpaka mtu wa hatua chache asijue kama pana kitu. Matita yalikuwa mengi, na kufunga matita ndiyo kazi mtu anaweza kuifanya ameketi. Nilimwekea Mzee matete mapajani. Alishika kwa kushoto, akabana ncha ya kamba kwa meno. Niliposema, "Tumia ule mwingine kushikia tu, Mzee, si lazima ufanye kitu," alinitazama kama nimemtukana. Lakini kesho yake aliuweka mkono wa kulia juu ya tita, ukakaa tu kama jiwe. Baada ya siku nyingi jiwe likaanza kubana. Hospitalini alikuwa amekataa mipira laini na vigingi vya plastiki, akisema ni michezo ya watoto. Tete halikuwa mchezo. Usipolibana linateleza, na maficho yanabaki na tundu.

Nyumbani alianza zoezi lake mwenyewe. Maisha yote alilenga kwa bega la kulia, sasa akaamua kujifunza kwa la kushoto. Alisimama sebuleni na mpini wa ufagio, akiuinua kwa kushoto, mkono wa kulia ukijaribu kuubeba mbele, akamfuata nzi kuzunguka chumba. Alivunja taa ya mezani, kisha kioo cha picha ya harusi ya mtu. Mama alimwambia kwa Kiswahili kutoka jikoni, "Wewe, kama unataka kuwinda, mnunuzi wa hizi taa atakuwa nani?" Naye akajibu, "Bata hawakai mezani, Surinder. Ukiweka taa chini sitaigusa." Nilicheka nikiwa nimeshika sahani, wakacheka na wao.

Niliwahi kumuuliza Mzee, tukiwa tunamwaga shayiri majini ili ndege wazoee bwawa, anawezaje kuwatunza mwaka mzima kisha awapige. Sikuuliza kwa ubishi. Nilikuwa nimewajua vifaranga wale wangali na manyoya laini. "Jibu zuri sina," akasema. "Napenda kula bata. Napenda kuwaona wakija. Nikiacha kuwinda, mwenye shamba atauza na hapa patakuwa ghala kama pale." Alionyesha kwa fimbo mabati meupe upande wa barabara. "Lakini nisikudanganye kwamba ninafanya kwa ajili yao. Ninafanya kwa ajili yangu." Sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika, ila nilimheshimu kwa kutolipamba jibu lake.

Wiki ya mwisho ya Agosti ilibaki kazi ya kuinua maji. Kwenye mfereji, pale unapotokea kwenye tuta, kulikuwa na mlango wa mbao zinazoshushwa moja juu ya nyingine kwenye mfuo, kila ubao ukipandisha maji ya bwawa kidogo. Doug alikuwa amekwenda na gari kutafuta kamba zaidi, nami nilikuwa upande wa pili nachukua fito. Tulikubaliana Mzee asiguse mlango. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa mferejini. Ubao wa mwisho ulikuwa umekaa mahali pake, sawasawa kabisa, na yeye alikuwa chini yake, tope limemshika mguu dhaifu, maji yamemfika kidevuni, mkono wa kushoto umeshika nyasi za ukingo. Kilemba kilikuwa kimemtoka. Nywele zake ndefu nyeupe, ambazo sikuwahi kuziona, zilikuwa zimetandaa juu ya maji.

Niliita Doug mara kadhaa nikijua hayupo. Kisha nikatupa matita ya matete ukingoni, moja baada ya jingine, mpaka nikapata sakafu isiyozama, nikashuka kwa tumbo na kumshika chini ya kidevu. "Usivute mkono ule," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "huo utang'oka." Sikuweza kumwinua. Nilijaribu, tope likaninyonya na mimi. Nikakumbuka namna tulivyofundishwa kumgeuza mgonjwa mzito kitandani kwa shuka iliyopitishwa chini yake. Wavu wa maficho ulikuwa pale pale kando. Niliupitisha mgongoni mwake na chini ya kwapa, nikarudi juu ya matita, nikaweka miguu kwenye nguzo ya mlango na kuvuta, si kumwinua bali kumtelezesha. Alitoka kidogo kidogo, kiatu kimoja kikabaki. Tulipokuwa tumelala wote juu ya matete, tukihema, alisema, "Kilemba." Nikamwambia kwanza apumue. "Binti, kilemba. Doug asinione hivi." Kilikuwa kimekwenda na maji. Nilivua skafu yangu, ya maua ya zambarau niliyoinunua sokoni Hounslow, nikakusanya nywele zake zenye tope na kumfunga nilivyoweza. Doug alipokuja, mbwa akitangulia, aliiona ile skafu na hakusema neno juu yake. Alimbeba mgongoni mpaka garini.

Hospitali walimpima, wakamrudisha nyumbani jioni ile ile, hana kitu ila michubuko. Jasvinder, binti yao, alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa mfamasia, mkubwa kuliko mimi kwa miaka kama kumi na mitano, mtu aliyezoea kuwa sahihi na ambaye mara nyingi alikuwa sahihi. Mimi nilikwenda gereji kuosha buti na mundu. Ukuta wa gereji na jiko ulikuwa mmoja na mlango ulikuwa wazi. Juu nilisikia maji ya bafu, maana Mama alikuwa amemaliza kumwosha mumewe nywele na maji yalikuwa yanashuka kwenye bomba. Kisha nikamsikia Jasvinder akisema kwa Kiingereza kwamba kesho atapigia ejensi, kwamba msichana amemwacha peke yake kando ya maji, kwamba msimu huu na kinamasi kile vimekwisha, na ni wakati wa kuzungumzia nyumba ya wazee. Mama, ambaye alipokasirika hakuwa na Kiingereza tena, alimjibu kwa Kiswahili. "Umeona mikono yake?" Jasvinder, kwa Kiingereza, alisema mikono ilikuwa na damu. "Kabla ya damu. Umeona anafunga kamba? Hujaona. Unakuja Jumapili, unaona mzee kwa kiti, unaenda. Leo ameanguka kwa kazi yake. Hapa kwa kiti anaanguka kila siku na hakuna mtu anamwokota."

Sikuwa na ujasiri mwingi siku hizo, na kazi niliihitaji. Lakini niliingia jikoni na tope langu lote. Nikamwambia Jasvinder kwamba ana haki ya kukasirika, tulikubaliana asiguse mlango ule naye aliugusa, nami ndiye niliyekuwa na dhamana. Nikasema sitampeleka tena hata kama Mama ataniomba, mpaka yeye mwenyewe aende akaone. Akiona na bado akasema hapana, nitakubali. Mama akasema, "Jumapili," kana kwamba ameulizwa. Nilipotoka alinipa mfuko wa plastiki. Skafu yangu ilikuwa ndani, imefuliwa, bado mbichi, imekunjwa pembe kwa pembe.

Jumapili Jasvinder alikuja na viatu visivyofaa. Doug alimpa buti za marehemu mkewe. Hakuna aliyemweleza kitu. Mzee aliketi mahali pake, nikamwekea matete, akaanza. Alibana kwa kulia, akazungusha kamba kwa kushoto, akafunga fundo, na lile fundo alilikaza kwa vidole vya mkono wa kulia, vitatu, vikitetemeka, lakini vikakaza. Akaweka tita chini na kuchukua mengine. Alifunga matatu hivi bila kumtazama bintiye. Jasvinder alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. Mwisho akauliza kwa Kiingereza, "Daddy, upande upi unakwenda chini?" Mzee akamjibu kwa Kiswahili, "Mzito." Jasvinder akachukua tita na kwenda nalo majini, akaharibu mstari wote wa maficho tuliokuwa tumeupanga, tukaurudia pamoja mpaka jua likashuka.

Daktari aliridhia, kwa sharti la mtu wa kukaa naye. Asubuhi ya kwanza ya msimu tulikaa watatu kwenye ubao mmoja, Doug, Mzee na mimi, bata wa plastiki wa kuwavutia wale wa kweli wakielea mbele yetu. Giza lilikuwa linafifia. Kwanza nikasikia mabawa, kama mtu anararua kitambaa juu ya kichwa, kisha wakaonekana, bata wadogo saba au wanane, wakizunguka mara moja, mara ya pili, wakishusha miguu. Mzee alisimama, akainua bunduki kwa bega la kushoto, mkono wa kulia ukiibeba mbele. Alifyatua mara mbili. Marisawa, zile chembe za risasi, zilipiga maji mbali nyuma yao. Bata walipaa, wakapita juu ya tuta wote wakiwa hai, na mimi, nasema ukweli, nilifurahi kwa ajili yao na nikamhurumia yeye, yote mawili kwa pumzi moja. Aliketi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Surinder angeona," akasema, "angesema hata taa sikuvunja."

Oktoba alipata mmoja, na Desemba wawili. Alipata misimu miwili zaidi, akafariki majira ya kuchipua, nikiwa tayari chuo cha uuguzi. Krismasi ile sikurudi nyumbani, na sikukumbuka hata kuamua kwamba sirudi. Doug naye amekwenda. Kinamasi kinakodishwa na watu wengine sasa, vijana wenye magari makubwa, na nasikia wanakitunza vizuri.

Watu walipoanza kuondoka gurdwara, Jasvinder alikuja kuketi mbele yangu na sahani yake. Nywele zake zimekuwa nyeupe kama zile nilizoziona mara moja tu. Aliongea Kiswahili, polepole, kama mtu anayetembea kwenye chumba chenye giza akipapasa samani. "Siku ile alianguka," akasema. "Kama angekufa pale, mimi singekusamehe. Hata leo. Nataka ujue."

"Najua," nikamwambia. "Nilijua hata siku ile."

"Na bado uliingia jikoni."

"Nilikuwa na tope. Gereji kulikuwa na baridi."

Alicheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwita kijana aliyekuwa akigawa chapati, akachukua mbili, moja akaiweka kwenye sahani yangu bila kuniuliza kama nimeshiba.